Kilomita 180 juu ya baiskeli: dhana potofu na ukweli kuhusu mwendo wa Ironman

Ironman kamili ni kuogelea kilomita 3.8, kunyonga baiskeli kilomita 180, halafu kukimbia marathoni nzima. Baiskeli ndiyo inayokula muda mwingi zaidi, na ndiko ushauri mbovu ulikojazana.

"Dakika unazookoa kwenye baiskeli ni zako, hazirudi."

Zinarudi, tena na riba. Tupige hesabu. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa humaliza 180 kwa saa 6. Akijitutumua hadi 31, atatumia saa 5 na dakika 48. Amepata dakika 12. Lakini kwenye barabara tambarare kinachokuzuia hasa ni hewa, na nguvu ya kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kilomita hiyo moja ya ziada inadai karibu asilimia 10 zaidi ya nguvu, kwa muda wa karibu saa 6 mfululizo. Sasa mtu huyo ashuke mapaja yamekwisha, na kilomita 15 za mwisho za marathoni azitembee kwa dakika 10 kila moja, badala ya kuzikimbia kwa dakika 6. Hapo ameacha saa nzima barabarani, kwa ajili ya zile dakika 12.

"Hayo ni ya wanyonge, mabingwa hukanyaga kwa nguvu zote."

Ubingwa wa dunia wa Ironman, Kona, Hawaii, Oktoba 2024: Sam Laidlow wa Ufaransa alimaliza baiskeli kwa saa 3:57:22, rekodi ya njia ile. Kwenye marathoni akaishiwa, akapitwa na mmoja baada ya mwingine, akamaliza nje ya kumi bora. Mshindi alikuwa Mjerumani Patrick Lange, aliyeshuka kwenye baiskeli akiwa nyuma yake kwa mbali. Alimaliza mashindano yote kwa saa 7:35:53. Ni haki kusema kwamba mwaka mmoja kabla, mjini Nice, Laidlow alitwaa ubingwa wa dunia kwa ushujaa huohuo wa kutangulia kwenye baiskeli. Kwa mtu anayeishi kwa mchezo huu, hiyo ni kamari yenye maana. Kwa mwenye kazi ya ofisini, sioni faida yake.

"Nikijisikia vizuri niongeze."

Hii ndiyo inayoangusha wengi kuliko zote, na huwaangusha ndani ya saa ya kwanza. Umetoka majini, umepumzika vya kutosha wiki nzima, watazamaji wanakushangilia, na kila dakika kuna mtu anakupita. Chukua mtu anayeweza kuhimili wati 240 kwa saa moja (wati ni kipimo cha nguvu unayokanyagia, na husomwa na kifaa cha kwenye baiskeli). Makocha wengi humshauri abaki kwenye asilimia 70 hadi 75 ya hizo, yaani wati 168 hadi 180, na anayetarajia kukaa barabarani saa 7 au 8 hushauriwa kushuka chini ya hapo. Asubuhi wati 180 zinachekesha, hata unajiuliza kama kipimo kimeharibika. Ukifika kilomita 140 jua likiwa utosini, wati zilezile zinadai uziombe. Mapigo ya moyo nayo yasikudanganye: mwanzoni huwa juu kwa sababu ya kuogelea na pilikapilika za kubadili vifaa, na baadaye hupanda taratibu kwa joto na kupungukiwa maji hata kama hujaongeza nguvu. Soma wati na mapigo kwa pamoja, na kama huna kipima wati, anza kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima.

"Kwenda sawasawa maana yake ni kasi ileile."

Kinachotakiwa kuwa sawa ni juhudi. Kule Kona, ukipanda kuelekea mji wa Hawi dhidi ya upepo wa mbisho, kipima mwendo cha baiskeli kinaweza kuonyesha kasi ya kukatisha tamaa. Anayelazimisha kasi hiyo ipande anajiunguza. Mlimani na kwenye mbisho unaweza kuongeza nguvu kidogo tu, kwa kuwa ndiko unakotumia dakika nyingi. Kwenye mteremko, ukishapita kilomita 50 kwa saa, jikunje uache baiskeli ishuke yenyewe. Kunyonga hapo hakukupi kitu. Kinachoua ni kusimama kwenye pedali na kutoa nguvu maradufu kila ukikutana na kilima. Waliokwenda Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, kwenye Ironman 70.3 Rwanda iliyoanza 2022, wanajua vilima vya nchi hiyo, na hiyo ni nusu ya umbali tu.

"Tumbo likigoma, jeli ndiyo mbaya."

Jeli ni wanga wa pakiti unaonyonywa njiani, na huenda haina kosa: huenda ni wati. Wengi hulenga gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, lakini ukikaza mno, damu hukimbilia misuli na tumbo huacha kusaga. Punguza mwendo dakika kumi kwanza, kunywa maji, halafu ndipo uilaumu jeli.

"Sisi wa polepole lazima tukimbizane na saa ya kufungwa njia."

Katika Ironman nyingi, baiskeli hufungwa saa 10 na nusu tangu uanze kuogelea. Kanuni za shindano lako zisome mapema. Ukimaliza maji na kubadili nguo kwa saa 2 na dakika 10, zinabaki saa 8 na dakika 20. Hiyo ni wastani wa kilomita 21.6 kwa saa, vituo vya maji na choo vikiwemo.