Je, wajua kwa nini baridi kali huvuruga sauti za bendi?

Kila Desemba, bendi za tarumbeta za vijiji na miji midogo ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hutoka nje kupiga nyimbo za Krismasi, na ala zilizolinganishwa vizuri ukumbini huanza kutoa noti za chini kuliko inavyopaswa mara tu zinapokutana na baridi.

Sauti ya tarumbeta hutokana na mtetemo wa hewa iliyomo ndani ya bomba lake, na katika hewa baridi sauti hupunguza mwendo: kutoka mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20 hadi mita 331 kwenye nyuzijoto sifuri. Kama hewa yote ya bombani ingepoa kiasi hicho, noti ingeshuka kwa zaidi ya nusu ya nusu toni (nusu toni ni hatua kati ya noti mbili zinazofuatana za piano), kosa ambalo hata sikio lisilofundishwa hulinasa. Ndiyo maana wapigaji hupuliza pumzi ya joto bila kutoa sauti kati ya wimbo na wimbo, na huficha kipande cha mdomoni mfukoni mwa koti. Baridi ikizidi, unyevu wa pumzi huganda ndani ya vali, yaani vitufe vya kubadili noti, na vidole hubonyeza kitu kisichosogea.

Gitaa hufanya kinyume kabisa. Waya wa chuma husinyaa unapopoa, na kwa kuwa umefungwa pande zote mbili, hukazika na sauti yake hupanda. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ugumu wenyewe: bendi ya tarumbeta tupu hushuka kwa pamoja, lakini ukiichanganya na gitaa au fidla, kila upande huenda njia yake.

Klarineti, ala ya mbao ya kupuliza, ina hatari zaidi, na hili linatugusa, kwa sababu klarineti bora huchongwa kwa mpingo, mti unaovunwa kusini mwa Tanzania. Pumzi yenye joto na unyevu hutanua mbao kwa ndani huku nje zikiwa zimepoa, na ala huweza kupasuka.

Tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipoapishwa mjini Washington, Yo-Yo Ma, Itzhak Perlman, Gabriela Montero na Anthony McGill walipiga selo, fidla, piano na klarineti mbele ya umati, lakini sauti iliyosikika kwenye spika ilikuwa imerekodiwa siku 2 kabla kwa kuhofia baridi. Wapo waliowalaumu, mimi naona walifanya sawa, kwani hakuna ustadi wa vidole unaozuia waya kusinyaa.