Je, wajua kwa nini sushi ya dukani huuzwa nusu bei jioni?

Ukiingia jioni kwenye duka la vyakula nchini Japani, huenda ukamkuta mfanyakazi akizunguka jokofu la vyakula vilivyo tayari, mkononi ana vibandiko. Trei za sushi zilizopangwa mapema siku hiyo zinashushwa bei. Kibandiko kinachongojwa kuliko vyote kimeandikwa hangaku, yaani nusu bei, na wapo wateja wanaozungukazunguka karibu na jokofu wakijifanya wanasoma chupa za soya. Maduka ya Kijapani ya ng'ambo nayo mengi yana mtindo huohuo.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu: samaki mbichi ameanza kuharibika, mwenye duka anamkimbiza. Kwa hiyo siku niliyonunua trei mbili za salmoni kwa bei ya moja, ya pili niliiwahisha kwenye friji ili kumwokoa samaki, nikaila kesho yake. Samaki hakuwa na neno. Wali ulikuwa shanga.

Kosa langu lilianzia kwenye jina. Nilidhani sushi ni samaki mbichi, na nimeshawasikia wengi wakikataa kuonja kwa sababu hiyohiyo. Samaki mbichi akiliwa peke yake, bila wali, huitwa sashimi. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, na jina lenyewe asili yake ni uchachu. Juu yake au ndani yake weka jodari, kamba wa kuchemsha, mayai au parachichi, hiari yako. Kipande cha wali na tango kilichoviringishwa kwa mwani ni sushi kamili, wala hakina hata mwiba mmoja. Zamani samaki alifukiwa kwenye wali wenye chumvi kwa miezi kadhaa hadi achachuke, na huko kwenye Ziwa Biwa bado wanatengeneza funazushi kwa njia hiyo. Hii ya kufinyangwa kwa mkono ni ya juzijuzi tu: ilishamiri Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 19.

Hata huo "ubichi" una mambo yake. Marekani, kwa mfano, samaki wengi wa kuliwa wabichi hutakiwa kugandishwa kwanza, tuseme kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Jodari wamesamehewa. Kwa hiyo yule salmoni niliyemhurumia huenda alishakaa kwenye barafu muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Turudi kwenye wali. Aliyewahi kukuta kiporo asubuhi kimegeuka changarawe anaujua mkasa huu, ila wengi tunasema wali "umekauka". Maji mengi bado yamo humo. Kilichobadilika ni mpangilio wa wanga.

Chukua ukumbi wa arusi. Punje mbichi ya mchele ni ukumbi kabla ya muziki: minyororo ya wanga imekaa kiukoo, bega kwa bega, na maji hayapati pa kupenya. Moto na maji vikija, ngoma inapigwa. Koo zinachanganyika, maji yanajipenyeza katikati, na punje inalainika. Wali ukipoa, muziki unashuka, na ndugu wanaanza kutafutana. Wakishabanana tena, maji yanasukumwa pembeni na punje inakuwa ngumu. Penye joto hawatulii kiasi cha kukaa pamoja. Kwenye friza wamegandia walipo. Friji, yenye nyuzi chache juu ya sifuri, ndiyo mahali pabaya kuliko pote: wametulia vya kutosha kutaka kukaa, na bado wana nguvu ya kutembea.

Sukari ya kwenye siki hushikilia maji na kuchelewesha mkusanyiko huo. Mchele mfupi wa Kijapani nao una kiasi kidogo cha amilosi, ule wanga wenye haraka ya kujipanga, ndiyo maana hukawia kushupaa kuliko basmati. Zote mbili huchelewesha tu. Siki yenyewe kazi yake kubwa ni ulinzi, kwani tindikali huzuia bakteria wa wali uliokaa.

Kwa hiyo trei moja ina wapangaji wawili wasiopatana: samaki anataka baridi, wali unataka joto la chumbani. Mwenye duka humsikiliza samaki, maana ndiye anayeweza kumlaza mteja hospitali, na wali ndio unaolipa gharama, saa baada ya saa, mpaka kibandiko kinapofika. Simwondolei samaki lawama zote. Naye ana saa zake, na tarehe iliyopigwa kwenye trei si ya kupuuza.

Siku hizi nikibakiza vipande, namwondoa samaki, namla kwanza, na wali naupasha hadi utoe mvuke. Koo zinatawanyika tena na ulaini unarudi. Mwani, kwa bahati mbaya, hulegea kama karatasi iliyonyeshewa.