Mstari wa wima kwenye grafu: usiuchore, upe tarehe

Ukitaka grafu ionyeshe tukio fulani lilitokea lini, unaweka mstari wa wima kwenye tarehe yake. "Si unachora tu?" Ndivyo wengi wanavyofanya kwenye Excel: wanachukua umbo la mstari, wanaliburuta hadi usawa wa Machi 2020, kazi imeisha. Lakini umbo hilo limebandikwa juu ya picha, halijui tarehe. Niliwahi kuongeza takwimu za miezi michache kwenye grafu ya mahudhurio ya kliniki. Miezi ya zamani ikasogea kushoto kupisha mipya, mstari ukabaki palepale, sasa ukionyesha Mei. Niligundua ripoti ikiwa imeshatumwa, na iliniuma.

Mstari wa kuaminika ni data kama data nyingine. Tumia grafu ya mtawanyiko (scatter), ambayo huweka kila nukta kwa tarehe na kimo chake. Andika nukta mbili zenye tarehe ileile: moja kimo chake 0, nyingine kimo cha juu kabisa cha grafu. Ziongeze kama mfululizo mpya (series) na uziunganishe kwa mstari. Ukibadili tarehe kwenye seli, mstari unahama wenyewe.

Wengi pia huamini kwamba tarehe wanayoiona ndiyo kompyuta inayoisoma. Excel huhifadhi tarehe kama namba. 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, ni 43903. Sasa, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi. Andika humo 13/03/2020: hakuna mwezi wa 13, basi inabaki maandishi matupu. Andika 12/03/2020: inageuka 3 Desemba, na hutapewa onyo lolote. Hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Lile la kwanza utalikamata kwa macho: kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe halisi hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto.

Kwamba mstari unathibitisha sababu? Hapana. Unaonyesha lini tu. Kama mahudhurio yalianza kushuka Februari, tangazo la Machi halikuyaanzisha.

Tena mstari unaweza kuwa mahali pake na grafu bado ikapotosha. Jumla ya Machi nzima ikipewa tarehe 1 Machi, nukta yake inaangukia kushoto kwa mstari wa tarehe 13. Msomaji ataona wagonjwa wote hao walikuja kabla ya tangazo, kumbe siku 19 za mwezi huo zimo humohumo. Ukiwa na takwimu za wiki, tumia hizo. Ukikosa, andika kando ya nukta hiyo kwamba ni jumla ya tarehe 1 hadi 31.