Malezi ya kambo sio mama wa kambo jamani

Aliyechagua hili jina nadhani hajawahi kukaa kibarazani na kina mama wa Mwanjelwa hapa Mbeya. Ukitamka tu kambo mtu anaona yule mama wa kwenye hadithi, mtoto ananyimwa nyama anatumwa maji usiku, na hapo hapo maafisa ustawi wa jamii wanakosa familia za kupokea watoto. Kumbe Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongelea kitu kingine kabisa: mtoto aliyekosa wa kumlea anakaa kwenye familia iliyochunguzwa, huku ustawi wa jamii wanamfuatilia.

Sasa maneno ninayoyasikia mtaani ni haya. "Ukishampokea ni wako moja kwa moja." Hapana, hiyo ni kuasili, na huko mpaka mahakama itoe amri. Huyu ni wa muda, ndugu wakipatikana na wakionekana wanafaa anarudi kwao. Na hapa ndo wanaume wetu mnapokwama, swali la kwanza shamba la parachichi atarithi nani. Mtoto kukaa tu nyumbani kwako hakumfanyi mrithi, we tulia na parachichi zako.

"Lazima uwe na hela." Afisa alivyokuja kwangu Uyole alishika blanketi akapima unene na vidole, maana Julai ya huku mnaijua, akauliza mtoto atalala wapi na nani, akachungulia choo, halafu akaomba kuongea na wanangu peke yao mimi nikatoka nje kuchambua maharage. TV hata hakuitazama. Ila mshahara hakuna, hilo niseme mapema.

"Nitapata wa kunisaidia kazi." Hili linaniuma, kwa sababu mikoa yetu hii, Iringa hasa, inajulikana nchi nzima kwa mabeki tatu, yaani wasichana wa kazi za ndani. Kuosha vyombo kwa zamu na wanao sawa, ila wenzake wakienda shule yeye akabaki na ndoo, ustawi wanamwondoa.

"Nimelea watano, mafunzo ya nini?" Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Tukafundishwa kutochapa, kuandika siku alizoumwa, namba 116 ya kuripoti mtoto anayeteswa ambayo ni bure, na kutosimulia historia ya mtoto mtaani. Basi wiki ya kwanza huyu wangu akawa analala na viatu, kamba kafunga kabisa. Zamani ningevivua kwa nguvu na kofi juu, lakini tulishaambiwa mtoto aliyehamishwahamishwa anajiandaa kuondoka muda wowote, usimlazimishe, nikatandika kiroba miguuni mwa godoro nikaacha. Siku ya kumi na kitu hivi nikakuta viatu viko chini ya kitanda, vimepangwa vinaangalia mlango.

Jirani kashaniuliza mara tatu huyu katokea wapi. Namwambia anakaa kwangu, we dada mbolea umenunua bei gani mwaka huu?