Namba haisomwi mkia tu

Mtoto wa Ngamiani hapa Tanga huanza kuzisoma namba kabla hajaingia darasani, maana barabara zetu zinaitwa kwa namba: ya 7, ya 9, ya 13, ya 15. Nikikaa na watoto wa mtaa jioni kufanya hesabu, hizo ndizo mifano yangu. Na dhana potofu ni zilezile, hata kwa wazazi wao.

"Kila namba witiri ni tasa." Witiri ni namba isiyogawanyika kwa 2 bila baki; inayogawanyika ni shufwa. Barabara ya 7 na ya 13, sawa, ni tasa: hazina kigawo zaidi ya 1 na zenyewe. Lakini 9 ni 3 mara 3, na 15 ni 3 mara 5. Inayowanasa wengi ni 91. Ina sura ya tasa kabisa, kumbe ni 7 mara 13. Tena 2 ni tasa ilhali ni shufwa, nayo ni shufwa pekee yenye sifa hiyo. Barabara ya 1 je? Si tasa. Tasa ina vigawo viwili, 1 ina kimoja.

"Ikiishia na 3, inagawanyika kwa 3." Hii ndiyo sugu. Mbona 13 haigawanyiki? Tarakimu ya mwisho inatosha kwa 2, 5 na 10, kwa sababu kila kumi hugawanyika kwa hizo bila baki. Kwa 3, kila kumi huacha 1. Chukua machungwa 174 ya Muheza, wagawie watoto watatu. Ile mia inaacha chungwa 1. Makumi saba, kila moja linaacha 1: hayo 7. Yapo na yale 4 ya mwisho. Jumla ya mabaki ni 1 + 7 + 4, yaani 12, nayo yanagawika. Kila mtoto anapata 58. Basi tunapojumlisha tarakimu kujua kama namba inagawanyika kwa 3, tunahesabu mabaki, hakuna uganga. Kwa 9 ni vivyo hivyo.

"Ikigawanyika kwa 2 na kwa 4, itagawanyika kwa 8." Jaribu 12.

"Sifuri si shufwa wala witiri, kwa kuwa si kitu." 0 ukiigawanya kwa 2 unapata 0, baki hakuna, ni shufwa. Anayeswali witri, sala ya usiku yenye rakaa za witiri, haimpi tabu hii: witiri ni pale anapobaki mmoja asiye na mwenzake. Kwenye sifuri amebaki nani?