Je, wajua kwa nini fomu ya tathmini kazini humpa karibu kila mtu "Vizuri"?

Chukulia chumba cha kukatia minofu katika kiwanda cha sangara jijini Mwanza. Msimamizi ni kijana wa miaka 28. Asubuhi anapita kwenye meza ya mama wa miaka 52 aliyevaa gambuti, kisu mkononi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Mchana kijana huyohuyo anatakiwa aandike kwamba kasi ya mama imeshuka. Wote wanakaa Igogo, wako kikoba kimoja, na kijana alipofiwa na baba yake, mama huyu ndiye aliyesimamia jiko la msibani. Anaweka tiki kwenye "Vizuri", yameisha.

Wengi huita huo upendeleo. Mimi naona kijana kapiga hesabu tu: fomu hujazwa mara moja kwa mwaka, jirani unaye mwaka mzima.

Serikalini wamehangaika nalo. Zamani bosi aliandika taarifa ya siri, mtumishi asiione. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, mfumo wa tathmini ya wazi: mkubwa na mtumishi wakae, wakubaliane malengo, wapeane alama uso kwa uso. Uwazi ukaongezeka, na kuoneana aibu kukaongezeka pia. Siku hizi kuna PEPMIS, mfumo wa tathmini wa kwenye kompyuta, ila anayethibitisha kazi bado ni binadamu mwenye shemeji na majirani.

Utasikia mtu anasema, basi tupime kilo tu, mizani haina undugu. Ingekuwa hivyo! Kati ya 1931 na 1932, katika kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha mitambo ya simu. Malipo yalipanda kundi likizalisha zaidi, kwa hiyo ilitarajiwa kila mmoja akazane. Wapi! Walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku. Aliyezidisha alitaniwa, hata kupigwa ngumi ya mkononi. Mzembe naye alisemwa. Walihofia kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, wakubwa watapandisha kiwango au watapunguza watu. Namba iliyofika ofisini ilikuwa ya kundi, si ya mtu. Kwenye meza ya minofu, mgeni mwenye mkono mwepesi naye ataambiwa: "Wewe, unataka kutupandishia tageti?"

Kinachosaidia ni kutosubiri fomu. Mfanyakazi akianza kulegea, mwite pembeni mapema, umuulize kabla ya kumlaumu. Pengine kisu ni butu, au mkono unamuuma na angefaa zaidi kwenye ufungashaji. Kama amekuzidi umri sana, mtangulize mtu wa rika lake. Na alama zipangwe na wasimamizi wa shifti zote wakiwa wamekaa pamoja. Mtu akija kuuliza nyumbani nani kampa ile alama, jibu ni "tulikaa watatu".