"Hii si ya dakika kumi tu?" Dhana potofu kuhusu studio ndogo za grafiki, na ukweli wake

Kuna maneno ukikaa kwenye studio ndogo ya grafiki hapa Dar utayasikia kila wiki. Wateja wanayasema, ndugu na marafiki wanayasema, na sisi tunaofanya hizi kazi tuna ya kwetu tunayoaminishana, alafu ndiyo hayo hayo yanayofanya watu waliopatana vizuri mwanzoni waishie kublokiana. Nayaandika kwasababu naona studio za watu wawili watatu zinafungwa huku kazi zipo, na wateja wazuri wanalipia kitu kimoja mara mbili, na vyote viwili vinaweza kuzuilika.

Naanza na lile la muda. "Mdogo wangu, hii si ya dakika kumi tu? Wewe unagusa gusa hapo imeisha." Kuchora kwenyewe kunaweza kweli kuwa kwa muda mfupi, hilo sikatai, ila kabla ya kuchora kuna kujua unauza nini, unamuuzia nani na anakuona wapi. Chukua watu wawili wote wanauza vipodozi, mmoja ana duka la jumla Kariakoo na mwingine ana duka la reja reja Sinza. Wa Kariakoo anataka jina lisomeke kwenye boksi, kwenye risiti, na kwa mteja aliyetoka Lubumbashi au Lusaka anayepita mtaa ule mara moja kwa msimu, huyu wa Sinza anataka mtu aliyekaa kwenye bodaboda agundue kwa sekunde moja kwamba hapo pana duka na ni la kisasa. Ukiwapa logo ya aina moja umewaibia wote wawili. Kwahiyo dizaina anauliza, anaangalia wenzako wa mtaa huo wanatumia rangi gani, anachora kwa penseli michoro mingi ya kutupa, anajaribu kwa rangi moja nyeusi tupu kuona kama bado inaeleweka, anaipunguza mpaka iwe ndogo kama picha ya profaili ya WhatsApp. Wewe kwenye simu yako unaona ile moja iliyobaki, ndo maana inaonekana rahisi.

Hapo watu wanapenda kuleta mfano wa Nike, kwamba logo yao iligharimu dola 35 tu. Ni kweli kabisa, mwaka 1971 mwanafunzi anaitwa Carolyn Davidson kule Portland, Marekani, alilipwa hiyo hela, alikuwa analipwa dola 2 kwa saa na kampuni yenyewe ilikuwa changa haina jina. Sehemu ambayo haisimuliwi ni kwamba aliendelea kuwafanyia kazi nyingine kwa miaka kadhaa, na mwaka 1983 kampuni ilimuita ikampa hisa zake pamoja na pete ya dhahabu yenye ile alama. Kwahiyo ukitaka kutumia mfano wa Nike tumia wote, mpaka mwisho.

Na huo huo mfano unavunja dhana nyingine, ya kwamba logo nzuri itakuuzia biashara. Ile alama imepata nguvu kwasababu viatu vilivaliwa na kutangazwa kwa miaka mingi. Logo inasaidia mtu akukumbuke, ila anachokumbuka ni jinsi ulivyomhudumia. Tena kubadilisha muonekano ambao watu wameshauzoea kunaweza kukuumiza: mwaka 2009 kampuni ya PepsiCo ilibadilisha pakiti za juisi ya Tropicana huko Marekani, ile picha ya chungwa lenye mrija iliyozoeleka ikatolewa, na ndani ya muda usiozidi miezi miwili mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20, ikabidi warudishe pakiti ya zamani. Mteja akija anataka "tubadilishe kila kitu" swali la kwanza ninalomuuliza ni wateja wako sasa hivi wanakutambua kwa kitu gani, alafu hicho tukilinde.

Sasa tuje kwenye kuprinti, hapa ndo kwenye vilio vingi.

Dhana ya kwanza: picha ikionekana vizuri kwenye simu itatoka vizuri kwenye karatasi. Hapana. Posti ya Instagram ya pikseli 1080 kwa 1080 ukiiprinti kwa ubora wa kawaida wa kitabu au flaya, yani nukta 300 kwa inchi, inakupa mraba wa sentimita 9 na kidogo tu. A4 nzima kwa ubora huo inataka pikseli 2480 kwa 3508. Kwahiyo mtu akichukua picha ya Instagram akasema ijaze A4, mashine haina pa kutoa nukta zilizokosekana, inazivuta zilizopo na sura ya bibi harusi inakuwa na ukungu. Mbaya zaidi wengi wanatuma picha WhatsApp kama picha, na WhatsApp huwa inazibana ili zipite haraka. Tuma kama dokumenti, ni kubonyeza sehemu tofauti tu, faili litafika lilivyo.

Ila na sisi madizaina tumeimeza ile 300 kama dua. Bana ya fleksi ya mita 6 inayoning'inia barabarani haihitaji nukta 300, mtu anaiangalia akiwa mbali, nukta 100 au hata chini ya hapo zinatosha, na faili zito la namna ile linakwamisha kompyuta yako na ya mwenye mashine bila faida yoyote.

Ya pili ni rangi. "Mbona kijani cha kwenye simu kilikuwa kinawaka, hiki kimepooza, mmenibadilishia." Hakuna aliyebadilisha. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ile RGB, wakati mashine ya uchapaji inapaka wino juu ya karatasi, wa rangi nne, samawati, waridi kali, njano na nyeusi, yani CMYK, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia hata ufanye nini, hasa kijani cha kung'aa, bluu kali na chungwa la kuwaka. Simu mbili zenyewe tu ukiziweka pamoja hazionyeshi sawa. Kama rangi ya kampuni yako ni roho ya kampuni, chagua rangi kwenye kitabu cha Pantone, kile cha sampuli za rangi zenye namba, uandikiwe namba yake, na kila utakapoprinti utoe ile namba, alafu kabla ya kuchapa kadi elfu nzima omba sampuli moja uishike mkononi ukiwa nje kwenye jua.

Na ile ya "mbona mmekata jina langu pembeni". Karatasi zinachapwa kwenye shiti kubwa kisha zinakatwa kwa mashine zikiwa rundo, na kisu huwa kinasogea kidogo, haikwepeki. Ndo maana dizaina anaongeza milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia kila upande, na maandishi anayaingiza ndani. Kwahiyo ukimlazimisha asogeze namba ya simu mpaka ukingoni kabisa "ili ipate nafasi" unaiweka chini ya kisu.

Nafasi, nayo ina kesi yake. Wateja wengi wanaona sehemu iliyo wazi kwenye posta ni hela imepotea, basi wanataka pajazwe, huduma kumi na mbili, namba nne, ramani, picha ya mkurugenzi. Angalia kanga. Ina pindo limejaa nakshi, ina mji umejaa mambo, lakini jina, yale maneno yake, limewekwa kwenye kiboksi chake na hakuna ua lililoruhusiwa kupita juu yake, ndo maana mama akikatiza mbele yako unalisoma. Posta inataka jina moja la namna hiyo. Mengine mtu atakupigia akuulize.

Kazi za kamati. Hapa wa harusi wanajijua. Kadi ya mchango inaletwa na mwenyekiti, mhazini anataka namba yake ya kupokelea ndo iwe kubwa, shangazi wa bwana harusi anaona rangi sio ile ya sare, na bibi harusi mwenyewe hajaulizwa bado. Dhana ni kwamba maoni mengi yanaboresha kazi. Ukweli nilioushuhudia ni kwamba yanaboresha pale tu yanapopita kwa mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema ndiyo. Sio kwamba shangazi hana hoja, mara nyingi anayo nzuri kuliko wote, ila ifike ikiwa imeshakubaliwa huko ndani. Mkikubaliana tangu mwanzo kwamba msemaji ni fulani, na marekebisho ni mara mbili au tatu ndani ya bei na zaidi ya hapo yanalipiwa, kazi inaisha kwa amani.

Alafu kuna suala la makosa ya majina na tarehe. Watu wanaamini kuhakiki ni kazi ya dizaina peke yake. Dizaina hajui kama ukoo wenu mnaandika Mwakyusa au Mwakyussa, na hajui kama tarehe 14 ni Jumamosi ya ibada au ya sendofu. Soma kwa sauti, mpe na mwingine asome, ndipo uandike kwa maneno kabisa "nimehakiki, chapeni". Ujumbe huo unamlinda mteja sawa na unavyoilinda studio, kwasababu baada ya hapo kosa likitokea inajulikana lilitokea wapi.

Kuhusu umiliki nitaeleza taratibu maana watu wanapoteza biashara hapa. Wengi wanasema "logo yangu iko salama, nimesajili jina BRELA", yani ule wakala wa serikali wa kusajili biashara. Kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili, kila kimoja kina sheria yake, japo vyote Tanzania Bara vinafanyika BRELA. Ukiwa na jina tu, mwingine anaweza kuja kusajili alama inayofanana na yako na ukaanza kuhangaika. Alama inasajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma, yapo 45 kwa mfumo wa kimataifa, kwahiyo unachagua la biashara yako, na usajili wa mwanzo unadumu miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Na usajili wa Bara hauvuki maji, Zanzibar wana taasisi yao, BPRA, unasajili na huko kama unauza huko.

Hapo hapo ndo Canva inapoingia, ile programu ya mtandaoni ya kudizaini kwa violezo vilivyo tayari. Ni kifaa kizuri, mimi sioni ubaya mama mwenye mgahawa kutengeneza menyu yake kule, na madizaina wanaosema Canva imeua kazi wanakosea, kwasababu anayetaka flaya ya leo jioni hakuwa mteja wa kukupa mradi wa miezi mitatu. Lakini logo iliyoundwa kwa vipande vya maktaba yao inaweza kutumiwa na mtu yeyote duniani, na masharti yao wenyewe yanasema huwezi kuisajili kuwa alama yako peke yako. Bora ujue hilo kabla hujapaka rangi gari.

Na picha za Google, "si ziko wazi tu?" Kuonekana sio ruhusa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi inalindwa tangu ilipoundwa, hata kama aliyeipiga hajawahi kufika COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Picha ya mtu mwingine ukiiweka kwenye bango lako, wa kwanza kutafutwa ni wewe uliyelitundika. Fonti nazo, yani mitindo ya herufi, ni hivyo hivyo, zipo ambazo ni bure kwa matumizi binafsi tu, ya biashara zinalipiwa.

Sasa ndugu zangu madizaina, na sisi tusikae pembeni. Tunaaminishana kwamba mteja hajui chochote. Anajua biashara yake kuliko wewe utakavyoijua maisha yako yote, akikwambia "wateja wangu hawasomi, wanaangalia picha" amekupa utafiti bure, andika. Akisema "ifanye ichangamke" usinune, muulize anaona nini kimepoa, mara nyingi ni rangi moja tu au picha ya mtu aliyekunja uso. Tunaaminishana pia kwamba kudai kianzio kunafukuza wateja. Kunafukuza wale ambao wangepotea baada ya kazi, basi. Nusu mbele na nusu kabla ya kukabidhi mafaili ni utaratibu wa heshima, fundi nguo anao, fundi wa geti anao. Na "nifanyie hii bure ntakutangaza" inatoka zaidi kwa watu wa karibu, kaka, mchungaji, mtu uliyesoma naye, na ukiamua kusaidia saidia kwa moyo mmoja lakini andika ankara yenye bei kamili na punguzo lake, ili ajue amepewa zawadi ya kiasi gani.

Jambo moja la hela linalozua ugomvi usio na sababu: unafanya kazi ya kampuni ya laki tano, inaingia laki nne na sabini na tano, unaona umedhulumiwa. Ile asilimia 5 ni kodi ya zuio, sheria inamtaka anayekulipa huduma aikate na kuipeleka TRA kwa jina lako. Dai cheti chake, kwasababu kiasi hicho kinapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Wengi hawadai na wanalipa tena.

Mwisho mafaili, maana hapa wateja wanaonewa kweli. Kupewa JPG moja kwa WhatsApp sio kukabidhiwa logo. Logo lazima ichorwe kwa vekta, kwa mistari inayokuzwa mpaka ukubwa wa ukuta bila kuvunjika, kwahiyo dai faili la AI (la Adobe Illustrator, sio akili bandia) au SVG, PDF ya kuchapia, PNG isiyo na mandharinyuma, toleo la rangi moja jeusi na jeupe, namba za rangi, na jina la fonti. Hakikisheni pia imeandikwa kwenye makubaliano haki za matumizi zinahamia kwa nani na lini. Mafaili hayo yaweke kwenye barua pepe ya biashara, sio kwenye simu ya kijana wa dukani, maana akihama kazi yanaondoka naye.